Kumfundisha Kijana Kuona Hatari Barabarani

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 twasoma agizo la kuzungushia ukingo dari ya nyumba mpya. Watu wa kale walitembea juu ya dari zao, na mtu akianguka palipokosa ukingo, hatia ilikuwa ya mwenye nyumba. Hapa Runzewe hatutembei juu ya mabati, lakini tunazo pikipiki.

Kijana hujifunza kuondoka, kubadili gia na kukata kona kwa siku chache tu. Tukiona hivyo twasema ameiva. Bado! Mikono imejifunza, macho hayajajifunza. Mgeni wa pikipiki hutazama karibu na gurudumu lake. Mzoefu hutazama mbali, tena kando, tena kwenye kioo. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, pikipiki hupita mita 14 hivi kila sekunde. Mwendo ukiwa maradufu, breki huhitaji nafasi kama mara nne ili kuisimamisha.

Uingereza, tangu mwaka 2002, mwombaji wa leseni ya udereva huonyeshwa filamu za barabarani, naye hubonyeza kitufe mara aonapo hatari inaanza. Sisi tunayo barabara kuu yenyewe, yenye malori ya kwenda Rwanda na Burundi. Mzazi na akae na kijana wake kando, mahali salama, amwulize: "Sasa litatokea nini?" Basi limesimama, ni nani atakayechomoza mbele yake? Ng'ombe mmoja amevuka. Wenzake wako wapi? Matawi ya miti yamewekwa barabarani. Basi huko mbele kuna lori bovu, pengine halina taa. Lori kubwa linakuja kasi. Upepo wake utaiyumbisha pikipiki. Baadaye, akipakiwa nyuma ya mwendeshaji mzoefu, ayataje hayo kwa sauti kila ayaonapo.

Tena tuseme na wenye pikipiki, maana baadhi yao twasali nao. Wampa kijana chombo hana leseni, ambayo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yaidai, na jioni wataka hesabu kamili. Je, atapunguza mwendo penye watoto? Hesabu yako ndiyo inayomkimbiza. Kwanza apate leseni. Kisha, kwa miezi mitatu ya mwanzo, hesabu ipungue, asipakie abiria, asiende usiku, na kofia ngumu iwe kichwani, si kwenye mkono wa pikipiki.