Chokaa Bafuni kwa Bibi: Upendo Unaohitaji Akili



Somo la leo ni bafu. Ndiyo, bafu na choo. Najua mlizoea hapa tuongee sala na miito, lakini naomba mnivumilie, maana huku nako kuna maadili yake, na kuna kemia ambayo usipoijua unaweza kumpeleka mtu hospitali huku ukidhani unamtendea tendo la huruma.

Kuna nyumba ukiingia bafuni unakuta koki imevaa koti jeupe gumu kama mfupa, sinki la choo lina mistari ya kahawia, na shawa inatoa maji kwenye matundu matatu tu. Wazo la kwanza linalokujia ni lipi? "Hawa watu wachafu." Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa yake, anauliza kama ni halali kumhukumu mtu kwa tuhuma tu. Jibu lake ni hapana: dalili ndogo hazitoshi kumshusha mwenzako thamani moyoni mwako. Nami naona dalili hii ya chokaa ni dhaifu kuliko nyingi, kwa sababu chokaa haiji kwa uvivu. Inakuja na maji.

Inakuwaje? Maji ya mvua yanapopita ardhini yanabeba kaboni dayoksaidi, yanakuwa na ukali kidogo wa asidi, na yakikutana na mawe yenye chokaa yanayayeyusha taratibu. Huyaoni kwa macho, maji ni meupe safi. Lakini yakichemshwa, au yakikauka juu ya kigae, ile chokaa inabaki na kuganda. Ukitaka kuona kazi hiyo kwa ukubwa wake, nenda Songwe, nje ya jiji la Mbeya: chemchemi za maji moto kule zimejenga miamba mizima ya mawe ya chokaa kwa miaka mingi sana, na kiwanda cha saruji kipo ukanda huohuo. Bafuni kinatokea kilekile, tofauti ni kwamba ni tone moja moja.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo wengi hawaijui. Sabuni ya mche ikikutana na maji ya namna hii haitoi povu vizuri. Inashikana na chokaa na kuwa utando mzito wa kijivu usioyeyuka. Yaani mtu anayesugua kila asubuhi kwa sabuni ya mche, kwa nia njema kabisa, anaongeza tabaka juu ya tabaka. Bidii yake ndiyo inayojenga uchafu.

Hilo ndilo lililompata bibi mmoja wa jumuiya yetu hapa Soweto, anayetumia maji ya kisima cha uani. Sali za jumuiya huzunguka nyumba kwa nyumba, lakini ikifika zamu yake kila mara alisema, "Mwezi huu nipiteni." Watu wakaanza maneno: bibi amepoa kiimani, bibi hataki kuchangia chai. Tulipokwenda vijana watano kumsaidia kazi za nyumbani, alitupokea vizuri, tukampa shikamoo, akatupa viti. Ila nilipouliza ndoo za bafuni ziko wapi, uso ulibadilika.

"Frateri, huko msiingie. Fanyeni uani tu."

"Bibi, sisi ni wajukuu zako."

Akakaa kimya kidogo. "Nasugua kila siku, baba. Mikono imeisha. Watu wakija wakaomba choo, nitawaambia nini?"

Kumbe si imani iliyopoa. Ilikuwa ni aibu ya choo, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Basi, kazi yenyewe. Tomaso huyohuyo, akimfuata Aristotle, anaiita busara akili iliyonyooka katika mambo ya kutenda. Si kujua tu lililo jema, bali kuijua njia inayofaa kulifikia. Hapa maana yake ni hii: jua kwanza unapambana na nini. Dondosha siki kidogo juu ya doa. Likitoa vipovu, ni chokaa. Likinyamaza, huenda ni mafuta ya mwili na sabuni yaliyofunika juu, au ni kutu. Kwa hiyo unaanza na maji ya moto, sabuni ya maji na brashi, uondoe mafuta yote, usuuze. Asidi haiwezi kufika kwenye chokaa iliyojificha chini ya mafuta, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa wakidai siki haifanyi kazi.

Halafu siki. Ile ya kawaida ina asidi kama asilimia 5, si kali, lakini ukiipa muda inatosha. Usiimwage tu ikateremka. Loanisha tambara, lizungushie koki, funika na mfuko wa plastiki, liache saa kadhaa au usiku kucha. Shawa iliyoziba mfungie mfuko wenye siki kwa mpira, izame yote. Kwenye sinki la choo, kwanza sukuma maji ya shimoni yashuke kwa brashi, la sivyo siki yako itachanganyika na maji mengi na kuisha nguvu. Ndimu nayo inafaa kwa madoa madogo. Na kwa sisi wa nyanda za juu: Juni na Julai baridi inapunguza kasi ya asidi, kwa hiyo iweke chupa ya siki kwenye beseni la maji ya moto kwanza. Usiichemshe jikoni, mvuke wake unakereketa macho.

Zile video za kuchanganya siki na baking soda mziache. Inapendeza inavyotoa povu, lakini kimoja ni asidi na kingine kinaiua asidi. Mwisho unabaki na maji ya chumvi na picha nzuri.

Tabaka nene la choo cha bibi halikutoka lote kwa siki. Tulirudia mara tatu, kisha tukamalizia na jiwe la kusugulia miguu, lile jepesi lenye matundu. Jiwe hilo limetoka kwenye volkano, na mlima Rungwe ulio jirani yetu uliwahi kurusha mengi ya aina hiyo. Liloweshe, na sinki liwe limelowa, sugua polepole. Usilitumie kwenye plastiki wala kwenye koki inayong'aa, utakwangua. Waya wa sufuria nao hapana.

Sasa hatari. Kijana mmoja wetu, mwenye moyo kweli, alikuja na chupa ya JIK akitaka kuimimina juu ya siki "ili iue kabisa". Nilimshika mkono. JIK ikikutana na asidi, iwe siki, ndimu au dawa ya choo ya dukani yenye asidi, inatoa gesi ya klorini. Hiyo ndiyo gesi iliyotumiwa kuwaua askari karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Bafu dogo lenye kidirisha kimoja, na bibi wa miaka themanini na kitu amekaa mlangoni, fikirieni wenyewe. JIK pia haiyeyushi chokaa. Inaifanya nyeupe tu ili msiione. Ikiwa mnaihitaji kwa ajili ya ukungu, suuzeni kila kitu kwa maji mengi, acheni ipite siku, fungueni dirisha. Na vuteni maji chooni kwanza, kwa sababu mkojo uliokaa una amonia, na hiyo pamoja na JIK inatoa gesi nyingine mbaya.

Maji ya betri ambayo baadhi ya mafundi wanayasifia, msiyaguse. Yanaunguza ngozi na macho, tena yakikutana na chokaa yanatengeneza jasi isiyoyeyuka kirahisi, kwa hiyo hata kazi yenyewe hayaimalizi.

Ndugu zangu, tunazijua picha za Mtakatifu Martin de Porres wa Lima, aliyefariki 1639 na kutangazwa mtakatifu 1962: anashika ufagio. Sisi tunapenda ufagio ule ukiwa kwenye picha. Siku ile mmoja alitoa simu apige picha ya choo "kabla na baada" aweke kwenye grupu la vijana. Nilimwomba aifute, akaifuta. Choo cha mtu si ushuhuda wetu.

Tulimaliza saa kumi jioni. Sakafu tuliiacha na madoa yake. Ni ya saruji, na saruji yenyewe ina chokaa ndani, kwa hiyo siki ingeila sakafu pamoja na doa. Hata mistari kati ya vigae tuliilowesha maji kwanza na kuisuuza haraka. Bibi aliona doa lile akasema hilo halimsumbui, liko hapo tangu mzee wake akiwa hai. Tukamwachia kitambaa kikavu kwenye msumari karibu na koki, cha kufutia maji kila anapomaliza kuoga, kwa sababu tone likifutwa kabla halijakauka haliachi chokaa. Sabuni ya mche ibaki ya nguo, bafuni atumie ya maji. Na siki kikombe kimoja chooni kila Jumamosi usiku, baada ya wote kulala.