KARO YA CHUO KIKUU: TUMEBISHA MILANGO GANI?

Kila mwaka, majibu ya mtihani wa kidato cha nne yatokapo, nyumba zetu hujaa furaha. Kijana amefuzu, mama apiga vigelegele, majirani waja kupongeza. Baada ya miezi michache barua ya chuo yafika, nayo imetaja karo. Hapo furaha hugeuka kimya. Mwisho wake kijana huonekana akikaa dukani kwa ami yake, na binti huozwa. Tukiuliza sababu twaambiwa, "Ndivyo Mungu alivyotaka." Sisi twasema: kabla ya kumsingizia Mungu, natujiulize kama tumebisha mlango wowote. Somo letu la leo ni milango hiyo.

Kwanza ni basari, za jimbo, za kaunti na za vyuo vyenyewe. Huu ni msaada, si deni. Lakini maombi yana muda wake, na hutakiwa hati: vitambulisho vya wazazi, cheti cha kuzaliwa, na kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi. Tumewaona mayatima wa miaka kumi wakihangaikia cheti hicho siku ya mwisho. Hati zatayarishwa mtoto akiwa kidato cha tatu, si siku fomu zifungwapo.

Pili ni mkopo wa HELB, bodi iliyoundwa kwa sheria mwaka 1995. Mkopo wa mwanafunzi wa shahada ya kwanza una ziada ya asilimia 4 kwa mwaka. Hapa wengi wetu husita, na wana haki ya kusita, kwani riba ni haramu, na uchache wake hauihalalishi. Mas'ala haya waulizwe wanazuoni. Si ya kutolewa fatwa barazani. Lakini amkatazaye kijana mkopo huu, amempa nini badala yake? Kumwambia "haramu" kisha kumwacha nyumbani ni kutimiza nusu ya wajibu.

Tatu, njia isiyo na riba ipo. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, tangu mwaka 1983, ina mpango wa kuwasomesha vijana Waislamu wa nchi zisizo wanachama wake. Kijana hukopeshwa karadha njema. Apatapo kazi hurudisha kile kile alichopewa, nacho huwafaa wenziwe wanaomfuata. Na Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, huwasomesha wageni kwa gharama ya serikali ya Saudia.

Nne ni sisi wenyewe. Chuo cha MIOME cha Mombasa, kilichoanza kusomesha mwanzoni mwa miaka ya 1950, kilijengwa kwa michango, miongoni mwao ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na Mabohora. Leo ndicho Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Wao walitoa, je, sisi? Mali tuiteketezayo kwa harusi ya siku tatu yaweza kumlipia mtu karo. Kila msikiti nauwe na sanduku la karadha: kijana akope, afuzu, arudishe bila ya ziada, akope mwenziwe. Waanze watu kumi tu, Ijumaa hii, baada ya sala.

Wabillahi ttawfiq.