Malisho yamekwisha: tuanzie wapi?

*Kijijini kwetu mvua huchelewa, kisha hunyesha kwa fujo na kuondoka na udongo. Malisho yamekwisha. Sisi wanyonge tufanye nini?*
*Mfugaji, Shinyanga*

Hofu yako ni ya haki. Kupanda kwa joto la dunia kumevuruga misimu, na ardhi iliyo uchi haishiki maji. Hilo la pili mnaliweza.

Anzeni na ngitili, yaani malisho yanayofungwa kwa muda ili nyasi na miti viote tena. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, uliifufua desturi hiyo ya Wasukuma, na maelfu ya hekta yakaota tena. Tengeni eneo mvua zinapoanza. Mifugo isiingie hadi kiangazi. Shambani msing'oe visiki hai: bakizeni machipukizi machache yenye afya, mengine myapogoe. Tengenezeni matuta yanayokata mteremko ili kukinga maji, na mahindi yasaidiwe na mtama.

Makubaliano ya mdomo kuhusu ngitili huvunjika ukame ukibana. Yageuzeni sheria ndogo: mkutano mkuu wa kijiji uipitishe, kisha halmashauri ya wilaya iidhinishe. Korongo likizidi kupanuka, au mgogoro wa mipaka ukinukia, mwiteni ofisa ugani mapema.

Miti itachukua miaka. Nyasi mtaziona msimu ujao.