Mgonjwa wa Sukari Akila Hotelini

Mwenzetu mmoja alienda kliniki Nairobi. Asubuhi alijidunga insulini, kisha akaogopa chakula cha hoteli, akakaa njaa. Saa nane mchana, kwenye steji, akaanza kutetemeka na kutokwa jasho. Watu walidhani amelewa! Mama mmoja alimnunulia soda, akapata nafuu.

Tunajifunza nini? Aliyejidunga insulini asikose kula kwa wakati. Lakini achague:

1. Chai. Hoteli nyingi huichemsha na sukari tayari. Tuulize kwanza, tuombe isiyo na sukari.

2. Chakula. Ugali kiasi, sukuma wiki kwa wingi, na maharagwe au samaki. Chipsi na mandazi tuwaachie wengine.

3. Chumvi. Mwenye presha asiongeze chumvi mezani.

4. Soda. Chupa ndogo ina sukari kama vijiko saba vya chai. Hiyo si ya kushushia chakula. Ni ya kuokoa sukari ikishuka. Aliyezimia asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Kuuliza hotelini si aibu.

Tujadiliane: Nani kikundini anajua dalili za sukari kushuka? Tukisafiri na mgonjwa, nani atabeba sukari mfukoni?