Dawa ya Kupe na Bomba la Kijiji

Ndugu mfugaji, siku ya kuogesha mifugo usizamishe mpira wa bomba ndani ya dawa ya kupe. Maji yakikatika ghafla, bomba huweza kuifyonza dawa hiyo. Yakirudi, jirani atakinga sumu. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi dawa.

Fanya hivi:

1. Teka maji kwanza, kisha changanya dawa mbali na bomba.
2. Ukijaza kwa mpira, mdomo wake ubaki kiganja kimoja juu ya maji.
3. Dumu lililokuwa na dawa lisitumike kwa maji ya kunywa, hata likioshwa. Litoboe.

Maji yakinuka dawa, usinywe wala usinyweshe mifugo. Funga bomba, waambie majirani, mwite msimamizi wa maji mara moja.