Dondoo Muhimu: Kumwandaa Kijana Kukataa

Stadi za maisha, yaani uwezo wa kujitambua, kutawala hisia, kuwasiliana na kufanya uamuzi, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziainisha katika miaka ya 1990, hazikai kichwani kwa hotuba. Wala picha za kutisha za mapafu yaliyoharibika, ambazo walimu wengi huzipenda mno, hazitoshi kumzuia kijana asivute sigara. Kinachofaa zaidi ni maigizo: kijana hupewa sigara ya karatasi na wenzake watatu wanaomcheka, naye hutakiwa kukataa kwa maneno machache na sauti tulivu, akiwatazama usoni, kisha apendekeze jambo lingine la kufanya, na zoezi lirudiwe hadi jibu lije bila kusitasita, kwa kuwa shinikizo la rika, yaani msukumo wa wenzake, humfikia kabla hajapata muda wa kutafakari. Mwenye hasira za haraka aanze kwa kuzitaja hisia zake, maana anayeweza kusema kuwa ameaibishwa, si kwamba amekasirika tu, hupata njia nyingine zaidi ya ngumi. Wazazi nao waelezwe mazoezi haya, la sivyo kukataa huko kutaitwa utovu wa adabu nyumbani.