Injini ya Boti Iliyotumika: Bei, Matengenezo na Dhamana

Kisiwa cha Rukuba kimo katika Kata ya Etaro, Halmashauri ya Wilaya ya Musoma, na anayekwenda huko huliacha gari nchi kavu. Kazi ambayo kwingineko hufanywa na gari, kisiwani hufanywa na boti yenye injini: kupeleka dagaa na sangara sokoni, kuvusha abiria na saruji, na kumwahisha mgonjwa aliyepewa rufaa. Kwa kuwa injini mpya ni ghali, wengi hununua iliyokwisha kutumika. Somo hili linahusu ununuzi huo. Anayenunua gari lililotumika mjini Musoma, Bunda au Butiama ataona kwamba hesabu ni ileile, ila yeye gari likimzimikia huliegesha kando ya barabara. Anayezimikiwa na injini katikati ya ziwa hana pa kuegesha.

Bei inayotajwa si gharama yote

Tuchukue mfano, kwa tarakimu tulizojiwekea wenyewe ili kurahisisha hesabu. Injini ya kwanza inauzwa shilingi 3,200,000 bila dhamana. Fundi ameikagua na kusema kwamba pampu ya maji na sili za sanduku la gia zinahitaji kubadilishwa, kazi ya shilingi 450,000 pamoja na vipuri. Injini ya pili, ya nguvu ileile, inauzwa shilingi 3,700,000, iko katika hali nzuri, na muuzaji anatoa dhamana ya maandishi ya miezi mitatu.

Kwa macho, ya kwanza ni nafuu kwa shilingi 500,000. Baada ya matengenezo imefika 3,650,000, na unafuu uliobaki ni shilingi 50,000 tu. Hapo bado hatujahesabu siku ambazo boti italala ufukweni ikisubiri vipuri, na siku hizo hazina thamani sawa. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza na hupumzika mbalamwezi inapong'aa. Matengenezo yaliyopangwa wakati wa mbalamwezi humgharimu kidogo, bali injini iliyokufa giza linapoanza humnyang'anya mapato ya mwezi. Swali la kujiuliza, basi, ni hili: je, dhamana ya miezi mitatu inastahili shilingi 50,000? Jibu linategemea yaliyoandikwa ndani ya dhamana hiyo, nasi tutayarudia.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Mnunuzi afike na fundi wake, si fundi aliyeletwa na muuzaji. Injini ikutwe ikiwa baridi. Muuzaji anayeiwasha kabla mnunuzi hajafika huenda anaficha ugumu wake wa kuwaka asubuhi.

Fundi apime kompresheni ya kila silinda. Jambo la kuangalia hasa ni kama silinda zinalingana. Moja ikiwa chini sana kuliko mwenzake, huenda ringi, pistoni au ukuta wa silinda umeharibika, na gharama yake haiwezi kukadiriwa kwa uhakika mpaka injini ifunguliwe. Kwa maoni yetu, injini ya namna hiyo haifai kununuliwa kwa makadirio ya mdomo, hata bei ikiwa ya kuvutia.

Kisha afungue kidogo skrubu ya chini ya sanduku la gia, injini ikiwa imelala usiku kucha bila kuwashwa. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yakiwamo hutangulia kutoka. Oili yenye rangi ya maziwa nayo ni dalili kwamba maji yameingia na sili zimechoka. Ikiwashwa, tundu dogo la kutemea maji litoe mkondo wenye nguvu. Mchanga wa ufukweni na magugu maji huziba njia za maji na kula pampu, na injini isiyopozwa huungua. Kuijaribu ndani ya pipa hakutoshi. Ifungwe kwenye boti, ipakiwe mzigo, iende ziwani.

Mnunuzi aulize pia injini ilifanya kazi wapi. Maji ya Ziwa Victoria ni baridi, hayana chumvi. Injini iliyoletwa kutoka pwani ya bahari yaweza kuwa imeliwa na kutu ndani huku rangi ya nje ikiwa mpya.

Ukaguzi wa mwisho ni wa umiliki. Namba ya injini kwa kawaida iko kwenye bamba la kibano kinachoishikilia kwenye boti. Bamba lililong'olewa au namba iliyokwanguliwa ni sababu ya kuondoka, kwani injini za boti huibwa, na aliyenunua mali ya wizi huweza kupoteza mali na fedha pamoja.

Nani anauza, na dhamana inasema nini

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatofautisha mfanyabiashara na mtu binafsi. Anayefanya biashara ya injini huwajibika kwa ubora wa anachouza zaidi kuliko mvuvi anayemuuzia jirani injini yake moja. Kwa huyo wa pili, kinga kubwa ya mnunuzi ni ukaguzi wake na maneno ya mkataba. Sheria hiyo pia inaeleza kwamba mnunuzi aliyekwisha kukagua bidhaa hawezi kutegemea sharti la ubora kwa kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Kukagua juu juu, basi, kwaweza kumdhuru mlaji: injini ameitazama, kasoro hakuiona, na haki ya kulalamikia kasoro hiyo imepungua.

Dhamana, au waranti kama wengi wanavyoiita, isomwe kwa maswali. Inahusu vipuri peke yake, au na ufundi? Plagi, pampu ya maji na propela mara nyingi huachwa nje kwa kuwa ni vitu vya kuchakaa. Injini inayobeba abiria au kuvulia kibiashara imo, au dhamana ni ya matumizi binafsi tu? Ikiwa muuzaji anadai bado ipo dhamana ya kiwandani, je, inahamishika kwa mmiliki wa pili, na rekodi za sevisi ziko wapi?

Kwa mkazi wa Rukuba lipo swali zito zaidi: matengenezo yatafanyika wapi, na nani atalipa usafiri? Dhamana inayotaka injini ipelekwe Mwanza kwa gharama ya mnunuzi inamtaka avuke hadi Musoma, kisha asafiri zaidi ya kilomita 200 kwa barabara, kwenda na kurudi. Zile shilingi 50,000 za mfano wetu zitakuwa zimekwisha njiani. Mnunuzi aombe iandikwe kwamba fundi atafuata injini Musoma au kisiwani, au bei ipunguzwe.

Makubaliano yaandikwe: namba ya injini, bei, kasoro zilizojulikana, muda wa dhamana na mambo inayoyahusu. Yasainiwe mbele ya mashahidi, ikiwezekana kwenye ofisi ya kijiji, na mfanyabiashara atoe risiti ya EFD. Maneno "mali ikiuzwa hairudishwi" yaliyochapwa kwenye risiti hayampi muuzaji ruhusa ya kudanganya. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, ikiwa ni pamoja na kumdanganya kuhusu dhamana.

Kasoro ikijitokeza, mlaji aache kuitumia injini, asiifungue kwa fundi mwingine, na amwandikie muuzaji ndani ya muda wa dhamana huku akibaki na nakala. Mfanyabiashara asipojibu, malalamiko yaletwe kwa Tume ya Ushindani yakiambatana na mkataba, risiti na nakala ya barua hiyo.